Toleo la Tatu

Chini ya meza yangu, hapa Liepāja,
ipo kompyuta yenye umri wa Raitis, kitindamimba wangu.
Inakoroma. Inanipasha miguu joto
theluji ikijaa kwenye kingo za dirisha.
Humu ndani hakuna nyingine
inayoelewa toleo la tatu.

Wenzangu wako la saba.
Walihama kwa shangwe, wakapaka kuta rangi,
wakaibatiza upya milango yote:
kilichoitwa *fungua* sasa ni *anza*,
na *funga* kimefutwa kabisa,
eti mlango utajifunga wenyewe.
Kipya kinyemi, sina ugomvi nacho.
Ila ukihama nyumba
usiwakatie maji waliobaki ndani.

Matīss, kijana mwema, mjuzi kuliko mimi,
huniandikia: "Dzidra, waambie wahame."
Wahame.
Neno jepesi kinywani mwa asiye na mizigo.
Mwambie wewe Eulalio wa Concepción, Paragwai,
fundi wa hospitali yenye mashine nne za kusafisha figo:
zamu za wagonjwa zimekaa juu ya toleo la tatu,
aliyezipanga hapo alikwenda Hispania kuchuma zabibu
na damu haingoji mtu amalize kusoma mwongozo.
Mwambie na yule wa visiwa vya Faroe
anayepima kina cha maji gatini
kwa kidude alichokigongomea baba yake.

Sura zao sizijui. Walio salama hawaandiki.
Mwaka mzima kimya,
nami nimejifunza kukihesabu kimya hicho
kuwa ni asante.

Februari, ufa.
Mtu alipata njia ya kuingia bila hodi.
La saba wakaliziba kwa mistari kumi na mmoja,
safi kama meno ya mtoto.
Nikaichukua, nikajaribu kumvika mzee wangu.
Haikumwenea.
Dirisha walilolikomea wao
kwetu halikuwahi kuwa dirisha,
ni tundu nililolitoboa mimi,
nikiwa na mimba ya Raitis, nikiwa na kichefuchefu,
na kando yake maneno yangu bado yapo:
"Nitarekebisha kesho."
Kesho hiyo imekula miaka kumi na tisa.

Mama alitia viraka makoti ya kiwanda cha sukari.
Alikuwa na kikapu cha matambara makuukuu
na hakuruhusu mtu akiguse.
Kitambaa kipya, alisema, kikilowa hujikunja,
kikavuta, kikalichana koti lenyewe.

Basi nikatafuta uzi wa zama zile.
Siku tatu. Mistari arobaini, mibaya ya sura.
Nikampa mkoromaji chini ya meza aijaribu.
Akaanguka.
Nikafumua, nikashona. Akaanguka.
Mara ya tisa akasimama, akaendelea kukoroma.
Kutoka Concepción likaja neno moja: "Imekubali."
Nililala na miwani usoni.

Nikatangaza mwisho: tarehe thelathini Novemba.
Macho yangu nayo ni toleo la zamani
na hayana wa kuyatunza.
Matīss alinitumia keki ya asali, kwa posta,
ikafika imepondeka, tamu hivyo hivyo.

Leo ni tarehe mbili Desemba.
Eulalio ameandika:
"Tumehama, señora. Mashine tatu.
Ya nne imegoma, tumeikata kwenye mtandao,
inafanya kazi Jumanne na Ijumaa tu,
kwa sababu bibi Perpetua hataki kulala penye nyingine.
Usijisumbue."

Nimeinama chini ya meza,
nimekiweka kidole kwenye kitufe.
Vumbi, joto, ule mkoromo.
Jumanne ni kesho.
Nimekitoa kidole.
Ni kwa ajili ya miguu, nimejiambia,
bado kuna baridi.